Nilimwita Shangazi Msalaba, Nikapewa Sabuni

Sitafuti huruma ya mtu. Ukimaliza kusoma ukataka kutema mate, tema, nimestahili. Nilimzulia mama wa watu, kipofu, kwamba anajikojolea kitandani. Nilimzulia kanisani, tena kwa machozi. Na nikapewa sabuni!

Ilikuwa miaka ile ya foleni za madukani, sabuni haipatikani. Watu tulifua kwa majani ya mpapai, na ukikutana na mtu kanga yake inanukia sabuni, unajiuliza ana ndugu gani kwenye duka la ushirika. Tulipanga vyumba viwili Kariakoo, mimi, mume wangu na watoto wawili. Mume wangu alikuwa anafanya kazi bandarini. Shangazi yake akaja kutoka Newala kutibiwa macho. Macho hayakupona. Mume wangu akasema, "Shangazi harudi kijijini. Huyu ndiye aliyenilea." Basi akabaki kwetu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Yule mama hakuwa mzigo! Alioga mwenyewe, alifua nguo zake mwenyewe, na mwanangu mdogo alikuwa halali mpaka abebwe mgongoni kwake. Mume wangu alifunga kamba kutoka mlangoni hadi choo cha uani. Shangazi anaishika, anakwenda, anarudi. Hakuna aliyewahi kumsindikiza, mimi ndiyo kabisa.

Kanisani nilikuwa kwenye kikundi cha akina mama, na nilijiona mtu. Kwaresima ikaingia. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani, akaagiza kwamba kila Ijumaa kila mmoja asimame aeleze amejikana vipi na amebeba msalaba gani wiki hiyo.

Loo, yalikuwa mashindano! Mmoja akasimama akasema ameacha sukari. Sukari yenyewe madukani haipo! Mwingine kaacha nyama, na sote tunajua mumewe hajaileta tangu Krismasi. Tukawaimbia. Wanafiki wakubwa, na mimi nimekaa katikati yao natafuta uongo wangu.

Zamu yangu ikafika. Ningesema sina kitu, ningekufa? Nisingekufa! Lakini nilisimama nikajishika kifua.

"Wapendwa," nikasema, "msalaba wangu uko nyumbani. Nina shangazi wa mume wangu, haoni. Namwogesha. Namlisha. Kila asubuhi nafua mashuka yake, maana hawezi kujizuia. Lakini sinung'uniki."

Machozi yakanitoka. Sijui yalitoka wapi! Mwenyekiti akalia, akina mama wakalia, nikarudi kukaa nikiwa mtakatifu. Mtakatifu gani? Mshenzi tu!

Ijumaa iliyofuata wakanikabidhi mche mzima wa sabuni. "Ya mashuka ya mgonjwa," mwenyekiti akasema. Wao wenyewe walikuwa hawana, walijinyima. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikafulia magauni yangu.

Shangazi akaisikia harufu. "Mwanangu, sabuni nzuri hii, umeipata wapi?"

"Kanisani, shangazi."

"Mungu awabariki."

Sikumkatia hata kipande.

Nikadhani imeisha. Kumbe! Mwenyekiti akatangaza kwamba Jumamosi kikundi kitakuja kumwombea mgonjwa. Mume wangu siku hiyo alikuwa zamu. Unajua nilifanya nini? Niliifungua ile kamba, nikaikunja, nikaisukuma chini ya kitanda. Nilihofia wataiona waulize ni ya nini.

Wakaja saba, na kanga zao za kikundi. Shangazi alikuwa amekaa mkekani, amefurahi kupata wageni. Wakamwamkia, "Shikamoo mama." Akawaitikia, "Marahaba wanangu, karibuni." Wakanywa chai. Baadaye naona shangazi anainuka, anapapasa ukutani karibu na mlango.

"Mwanangu, mbona kamba siioni? Nataka kwenda uani."

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Kamba gani tena, mama? Mbona unajisumbua? Mkweo ametueleza yote. Usione haya mbele yetu, uzee ni wa wote. Ametuambia anavyokuogesha, anavyokufulia mashuka ya mkojo kila asubuhi. Una bahati na huyu binti!"

Shangazi mkono bado uko ukutani. Nilimwona anavyosikiliza, neno moja moja linamwingia. Nilikuwa nangoja aseme, "Mashuka gani?" Angesema hivyo tu, nisingekanyaga tena kanisani. Na ningestahili!

Akarudi mkekani polepole, akakaa.

"Ni kweli wanangu," akasema. "Ananifulia. Ananiogesha. Mungu ambariki. Hiyo kamba ni akili ya uzee tu, nimechanganyikiwa."

Nilinyamaza! Nilimwacha aseme hivyo, nikanyamaza na birika mkononi!

Wakaanza maombi. Mnajua maombi ya kikundi yalivyo, kila mmoja ana lake, na kila mmoja anataka lake lisikike. Shangazi amekaa tuli, ameinamisha kichwa. Walipofika kwa mama wa tano au wa sita, nikaona mkeka unalowa.

Mpaka leo sijui kama alishindwa, au aliamua. Sijui. Nimejiuliza miaka yote hii.

"Bwana asifiwe," mwenyekiti akasema, ananishika bega. "Tumejionea wenyewe. Shikilia msalaba wako, dada."

Walipoondoka nikamfulia kanga yake iliyolowa kwa ile sabuni. Siku ya kwanza na ya mwisho. Alikuwa amesimama uani, amejifunga kanga nyingine, mkono umeshikilia ukuta.

"Shangazi," nikaanza.

"Irudishe kamba kabla mume wako hajaja," akasema. "Na usimwambie. Ataumia."

Wiki haikuisha, akamwambia mume wangu kwamba amekumbuka kwao. Mume wangu alibembeleza, wapi. Akampeleka kwenye meli ya Mtwara. Aliniaga kwa kunishika mkono na kuniombea uzazi mwema, maana nilikuwa na mimba. Hata hapo sikusema nisamehe!

Mwaka uliofuata simu ya maandishi ikaja kwamba amefariki. Tukaweka matanga pale pale kwetu. Mwenyekiti naye akaja, akakaa karibu na mume wangu.

"Mshukuru mkeo, baba," akamwambia. "Mashuka ya mkojo ya marehemu, kila asubuhi! Wangapi wangeweza?"

"Mashuka ya nani?" mume wangu akauliza. Kisha akanitazama, na mimi nikainama. Mbele za watu hakuongeza neno. Wageni walipotoka, akaniuliza swali moja: "Ndiyo maana aliondoka?"

Nikasema ndiyo.

"Kanilea tangu nina miaka minne," akasema. "Sikuwahi kusikia ananiita mzigo."

Hakunipiga. Hakunifukuza. Alihamia chumba cha watoto, na mpaka anastaafu tuliishi tukisalimiana kama wapangaji wawili. Kanisani hakunisema kwa mtu. Ningependa angenisema! Maana hadi leo, mzee nilivyo, wasichana wa kikundi huletwa kwangu niwafundishe uvumilivu.

Basi nawaambia ninyi, hasa ninyi mnaopenda kusimama mbele za watu mkishika vifua. Unamwita mume wako msalaba, mkweo msalaba, mtoto wako mlemavu msalaba, halafu unapewa pole na unazipokea. Umebeba nini? Umebeba mdomo tu! Kujikana hakuna cha kutangaza Ijumaa. Mimi kujikana kwenyewe nilikuona kwa macho yangu, kulikaa mkekani chumbani kwangu na kanga iliyolowa, kukinitetea mimi mwongo, na nilichofanya ni kuitikia amina.

Kama huyo unayemsema yuko hai, funga gazeti sasa hivi. Nenda kapige magoti. Wangu yuko kaburini Newala, na nauli ya kwenda ninayo, lakini sina cha kumwambia akasikia.