Neno la Mzee Pua

Baba yangu ni mnoa visu, na mikahawa yote ya upande wetu wa mji inamjua kwa jina la Mzee Pua. Huingia kwa mlango wa nyuma, akaweka jiwe lake karibu na jiko, na kabla hajashika kisu cha kwanza ameshamwambia mpishi kilichoharibika. "Kitunguu umekiharakisha, mwanangu." Au, "Mafuta haya ni ya jana." Akimaliza kunoa huhamia upande wa wateja, akaagiza kama watu wengine na kula polepole, huku mwenye mkahawa akijifanya anafuta meza ya jirani ili asikie atasema nini. Mara nyingi hasemi. Akisema "Inalika," mpishi atatamba wiki nzima. "Tamu" hatukuwahi kuisikia kinywani mwake, hata kwa mapishi ya mama.

Nyumbani hakuna aliyeonja chakula kabla yake. Mama alifunua sufuria, baba akainama, akanusa, akatoa hukumu. Nimelelewa hivyo, na hata ukubwani, nikimwona karibu na jiko mkono haukwenda kwenye kijiko.

Nilipofungua mkahawa wangu, meza sita na turubai mbele, nilimtengea kiti dirishani. Hakuja. "Nitakuja, mama," aliniambia mimi bintiye. "Kwani mkahawa una miguu?" Visu vyangu alivinoa kwake barazani na kunirudishia kwa mkono wa mama. Lakini habari zake nilizipata. Leo yuko kwa muuza samaki, kesho kwenye ule mkahawa mpya wenye vitambaa vya meza, keshokutwa stendi, anaagiza pilipili na ndimu na kumwaga chumvi kabla hajaonja. Wapishi walinicheka. "Baba yako siku hizi anakula mji mzima," alisema mmoja, "kasoro kwako."

Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Mimi nilikuwa nacheza na mwenye kutunza amenipa kisogo. Niliumia sana. Wateja wakiniuliza, niliwaambia baba amesafiri.

Akaja mchana mmoja, meza zote zimejaa, amevaa shati lililopigwa pasi. Nilimpakulia supu ya nyama mwenyewe. Sikuonja. Mzee Pua yupo, nionje mimi kama nani? Kumbe msaidizi wangu, mama mtu mzima ninayemwamini, asubuhi alikuwa amepasha ile sufuria ya jana akidhani niliichemsha kabla ya kufunga. Nami nilidhani amepika mpya. Vitunguu vya kukaanga alivyoungia vilifunika harufu.

Baba aliimaliza yote. Akafuta bakuli kwa mkate, akainua uso. "Tamu," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi meza ya mwisho.

Nilikwenda kwenye beseni la vyombo nikalia. Kisha nikapakua kutoka sufuria ileile kwa kila aliyeagiza.

Dereva wa lori ndiye aliyekuwa wa kwanza kusukuma bakuli pembeni. "Dada, hii imechacha."

"Mzee Pua ameimaliza," nilimjibu. "Wewe ulimi wako umesomea wapi?"

Aliinuka akaondoka, na wengine wakaweka vijiko chini. Ndipo nikaonja. Ilikuwa imechacha kweli, nikaitema.

Nilimfuata baba na kukaa mbele yake. Nilikuwa nimeshaamua kwamba amenihurumia, na kwa mpishi huruma ya Mzee Pua ni tusi. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini amesema vile.

"Kwani ilikuwa na nini?" alisema. Alikuwa anauliza kweli.

Alinitazama, akatazama mabakuli yaliyobaki mezani, akaelewa.

"Tangu yale mafua ya kipindi cha baridi sisikii kitu," alisema. "Wala chumvi, wala moshi. Nimezunguka mji nikidhani kuna jiko litakalonirudishia."

"Na kwangu mbona hukuja?"

"Kwingine nikikosa ladha, nilijiambia wapishi wamezembea. Kwako ningejiambia nini, mama? Mkono wako naujua tangu unapika kwenye vikopo."

Habari zilienea kabla ya jioni. Hakuna aliyesema Mzee Pua anaumwa. Walisema amemsifia mwanawe uchachu, kwamba damu nzito kuliko maji, na wapishi aliowakosoa kwa miaka wakaona kisasi chao kimelipwa. Nilitaka kuwaambia ukweli. Alinikatalia. "Waache waniite mwongo," alisema. "Mwongo hapewi pole."

Basi nimenyamaza, na wateja wangu wamepungua hadi meza mbili. Wapishi wengine wamemwambia visu vyao bado vina makali. Yeye sasa anakuja kwangu kila mchana na kukaa kwenye kiti chake cha dirishani. Naonja jikoni mimi, kisha naweka bakuli mbele yake na kumnong'oneza, "Kitunguu kimeiva, baba. Chumvi imepungua kidogo." Anainama, ananusa kama zamani, watu wakimtazama kwa pembe ya jicho, halafu anasema kwa sauti, "Inalika. Chumvi imepungua kidogo."

Tamu hajasema tena, nami simwombi.