Vigelegele vya Treni

Juzi, katika stesheni ndogo pembezoni mwa Nairobi, niliipungia treni mkono isimame, kama tunavyosimamisha boda kule Kakamega. Abiria walicheka. Mimi huyu, niliyepanda treni za nchi za watu!

Nilikuwa nimemsindikiza senje, yaani shangazi yangu wa Malinya, kwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza. Treni ilipoingia, sakafu ilitetemeka hadi magotini. Shangazi akapiga vigelegele, vilevile anavyompokea fahali wa kupigana akiingia uwanjani kwao. Watu wakainua macho kutoka kwenye simu, nami nikaiona treni kwa mara ya kwanza: nzito, ndefu, imebeba kijiji kizima.

“Senje, hii inakujanga kila siku,” nikamnong’oneza kwa aibu.

“Na hamjawahi kuishangilia? Panda, mtoto ananingoja.”