Jina la Mgombea Kwenye Sala Yangu

Mwaka ule tulikula makande ya mahindi matupu. Maharage yaligoma huku kwetu milimani. Masika ilipita juu kwa juu kama mgeni asiyetaka kukaribishwa, tukabaki tunachemsha mahindi na chumvi na kuyaita makande kwa heshima tu. Halafu zikaja kampeni za udiwani, tukaanza kula pilau. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mimi pilau niliila, sidanganyi. Lakini nilikula huku namwangalia anayepakua.

Mmoja wa wagombea alikuwa mtoto wa kaka yangu. Huyo nimembeba mgongoni mpaka akaninyea. Alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya maji, yaani ndiye mwenye neno juu ya ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, na juu ya nani afunguliwe maji lini. Kiangazi kile zamu yangu ilirukwa, ikarukwa tena. Nikiuliza, naambiwa ukuta wa ndiva unavuja. Na mimi nina tangawizi. Nasema bila kuona haya: kitongoji hiki hakina tangawizi inayonenepa kama yangu. Mbegu yake alinipa mama mkwe nilipokuja kuolewa, na ikikauka yote shambani, mbegu ndiyo imekwenda, siipati kwingine.

Mara nikaanza kumwona mtoto wa kaka jumuiyani. Sisi Wakatoliki tunakusanyika kila wiki nyumba ya mmoja wetu, tunasali rozari, tunasoma Injili, tunaombea watu. Mtu ambaye hata Krismasi alikuwa anasimama nje na simu, sasa anawahi, anabeba viti, rozari yake inang'aa kama imetoka kwenye nailoni jana. Wenzangu wakasema kaongoka. Mimi nikahesabu wiki zilizobaki kufika uchaguzi.

Jumuiya ilipokaribia kuwa kwangu, alikuja jikoni nikiwa nachambua mahindi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

"Jamani, mtu haruhusiwi kumsalimia shangazi yake?"

"Anaruhusiwa. Nashangaa ruhusa hiyo hukuitumia miaka yote."

Akacheka, akavuta kigoda. Akasema kesho mimi ndiye mwenye nyumba, nitaongoza maombi, basi nimtaje. Kwa jina tu. Si kampeni, ni sala.

"Kama ni sala, mbona unaipanga kama harusi?"

"Shangazi nawe! Kanisa si linatufundisha tuwaombee viongozi?"

"Wewe umekuwa kiongozi lini?"

Alisimama, akajipangusa suruali, akasema, "Halafu ile tangawizi yako, majani yameanza kuwa njano. Usijali, maji yatakuja mapema."

Alipoondoka niliacha mahindi nikafikiri. Shamba langu haliko njiani. Liko nyuma ya kilima, mtu hapiti pale ila awe amekusudia. Majani yangu aliyaona lini?

Nikakumbuka maneno ya katekista. Alikuwa ametukusanya parokiani kutufundisha habari za kupiga kura, na hata yeye nilimtazama kwa jicho la pembeni, maana nilidhani ametumwa. Nikangoja ataje jina. Hakutaja. Alisema Kanisa halina mgombea. Linakuuliza tu: huyu anayetaka madaraka, akiyapata, mnyonge wa mwisho anapata nini? Anasema kweli? Anamheshimu mtu kwa kuwa ni mtu, au kwa kuwa ana kura? Ukishajiuliza hayo, dhamiri yako iamue, si tumbo lako wala ukoo wako. Mama mmoja akadakia, "Na pilau je?" Katekista akasema, "Pilau kula, kura usimpakulie." Tulicheka mpaka padre akachungulia.

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, lakini mnyonge wa mwisho namjua anakokaa. Kwetu anakaa mwisho wa mfereji. Asubuhi nikachukua fimbo nikateremka. Kwa mwenyekiti migomba ilikuwa ya kijani, tope limejaa shinani. Huo ukuta unaovuja ulikuwa unavujia kwake, labda. Nikaendelea chini mpaka mfereji ukawa ufa mkavu. Pale analima mama mmoja Mlutheri, mguu wake mmoja mbovu. Nilimkuta anamwagia mchicha maji ya kuoshea vyombo.

"Dada, maji kwako yalifika lini?"

"Usiniulize mimi, muulize mtoto wenu. Alikuja akaniomba nimtaje kwenye maombi ya mtaa wetu. Nikamwambia, ngoja kwanza niongee na wazee wa kanisa. Tangu siku hiyo sijaona tone."

"Na kwenu pia?"

"Kwani alikwambia ninyi ndio wenye Mungu peke yenu?"

Nilicheka, halafu nikaacha. Yule ni damu yangu.

Jioni nyumba ilijaa. Mtoto wa kaka alikaa mbele, macho amefumba. Nikaongoza. Nikataja mgonjwa wa pale jirani, kwa jina. Nikataja marehemu wetu, kwa majina. Nikasema, "Tuwaombee wote wanaoomba kura, na sisi tunaotaka kuwapa au kuwanyima, Mungu atupe macho." Wakaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Nikasema, "Tumwombee na jirani yetu wa mwisho wa mfereji, apate maji kabla ya uchaguzi." Waliitikia wote. Sauti moja ilichelewa.

Baada ya chai alinifuata uani.

"Umeniaibisha, shangazi. Kutaja jina tu, ungepungukiwa nini?"

Nikamwambia, "Mgonjwa nitamtaja, marehemu nitamtaja, wewe sikutaji."

Maji hayakuja. Nilibeba ndoo mpaka shingo ikakataa. Tangawizi ilikauka kutoka pembeni kuingia ndani, ikabaki kipande cha katikati, ukubwa wa mkeka. Wifi yangu, yaani mama yake, alipita bila kunisalimu. Jumuiyani kuna walioniambia nina roho ngumu.

Ilipobaki Jumapili moja kufika uchaguzi, nilisikia maji kabla ya kuyaona. Yalikuwa yanakuja shambani kwangu, mengi, yanasukuma majani makavu. Mtoto wa kaka amesimama juu ya tuta, jembe begani, anatabasamu kama zamani akitaka muwa.

"Hayo, shangazi! Yako yote leo. Jumapili padre anaruhusu watu kutaja nia zao za Misa. Sema tu unamshukuru Mungu kwa ajili yangu."

Niliitazama tangawizi yangu. Maji yalikuwa yamebakiza kama urefu wa khanga mbili kufika kwenye shina la kwanza. Nikamnyang'anya jembe, nikakata tuta, nikaziba upande wangu kwa udongo. Maji yakasita, yakageuka, yakashika mfereji wa kwenda chini kwa yule mama.

"Shangazi! Si itakufa hiyo?"

Nilimrudishia jembe lake.

"Mgonjwa nitamtaja, marehemu nitamtaja, wewe sikutaji."