Mgomba Uliozikwa Badala Yangu

Safari ya kutoka Mbeya hadi Bukoba ilinichukua siku tatu na mabasi matatu, kupitia Tabora na Kahama. Njia nzima nilikuwa nikirudia kimoyomoyo mada yangu ya dakika ishirini: utunzaji wa vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki. Mafundi majokofu wa Kanda ya Ziwa walikuwa na kongamano lao, na mimi, mtu wa kidato cha nne, nilialikwa kuzungumza. Sikuwa nimekanyaga Kagera kwa miaka kumi na minne. Nilipanga nizungumze kwanza, kisha nirudi Muleba kumwona mama.

Basi liliposimama Muleba, muuza ndizi za kuchoma alisogea dirishani kwangu, akanitazama, akarudi kinyumenyume na sinia lake. Hakumuuzia mtu yeyote wa upande wangu.

"Kaka, umemfanya nini yule?" aliniuliza abiria niliyekaa naye.

Nilifunga dirisha.

Kesho yake, katika ukumbi wa Rwamishenye, pale Bukoba, nilikuwa katikati ya mada fundi mmoja mnene wa safu ya tatu aliposimama. Nilimtambua. Ni jirani yetu wa nyumbani, tulichunga mbuzi pamoja.

"Mwenyekiti, nina hoja," alisema taratibu. "Huyu mtoa mada nilimzika mimi."

Ukumbi ulicheka. Yeye hakucheka. Mwenyekiti akasema hoja zote zisubiri mwisho, nami nikaendelea na barafu zangu.

Wakati wa chai alinifuata, akanishika kifundo cha mkono kwa muda mrefu.

"Una joto," alisema.

"Ulitegemea nini?"

"Kaburi lako nililichimba mvua ikininyeshea. Nikaugua mafua wiki mbili. Kumbe mwenzangu uko Mbeya unakula maparachichi."

Ndipo aliponieleza. Lori nililokuwa utingo wake liliungua huko kusini. Mimi nilikuwa nimeshuka kituo kimoja nyuma, nimechoshwa na kazi, nikaacha begi na kitambulisho ndani. Habari zilifika nyumbani, mwili haukufika. Nami nilikuwa nimebadilisha namba ya simu, na kusema kweli sikuwa na hamu ya kutafutwa.

Kwetu, aliyefia mbali asipopatikana, huzikwa shina la mgomba mahali pake, ili naye awe na pa kulala.

"Lilitakiwa shina tupu, bila mizizi," alisema jirani, akikoroga chai ambayo hakuinywa. "Lakini mvua ilikuwa inatufukuza, tukaung'oa mgomba mzima na kisiki chake, tukauzika hivyo hivyo. Waitu, ndugu yangu, mgomba ukachipua."

Asubuhi iliyofuata alinipeleka nyumbani Muleba. Kaburi lilikuwa ndani ya kibanja, shamba letu la migomba, hatua chache kutoka kwenye nyumba. Kando ya msalaba wa mbao ulisimama mgomba mnene kuliko yote, na chini yake machipukizi matatu. Hapakuwa na upepo, lakini jani moja lilikuwa likitikisika. Udongo ulikuwa umefagiliwa.

Mama alitoka. Hakupiga kelele wala hakulia. Aliniwekea kigoda barazani, akaniletea kikapu kidogo cha buni za kutafuna, kama anavyoletewa mgeni. Mtoto wa nyumba haletewi buni.

"Mama, ni mimi."

"Najua. Mimi si kipofu."

"Niingie ndani?"

"Aliyezikwa hapiti mlangoni mpaka aung'oe mgomba wake kwa mkono wake. Ndivyo walivyosema wazee wa ukoo." Alitazama kibanjani. "Kila asubuhi nikiamka namsalimia yule. Siku nikiumwa, majani yake yanalegea."

"Si yeye tu, hata mimi huwa naupa mgomba ule salamu," jirani alininong'oneza. "Sipendi kukosana naye."

Nilichukua panga na jembe. Nilitaka kulala tena katika nyumba niliyozaliwa. Sikuwa nimejua natamani kiasi gani mpaka nilipokatazwa mlango. Nilipoinua jembe, mama alikuwa amekwishafika, kiganja chake kikiwa juu ya shina, pale ambapo kama ungekuwa mtu pangekuwa begani.

"Nikuulize kwanza," alisema. "Ukimng'oa huyu, utakaa?"

Nilitafuta uongo mzuri. Miaka yote nimewadanganya watu wengi kwa urahisi, wenye nyumba, mabosi, wanawake wawili. Pale haukuja. Nilikuwa na tiketi ya basi la kesho.

"Sitakaa, mama."

Alitikisa kichwa polepole, bila hasira. "Basi niachie huyu. Tangu aje, hajawahi kuniaga."

Alipika ndizi, nikala barazani. Sikuuliza mkungu ulitoka wapi. Zilikuwa tamu sana, na nilizimaliza.

Asubuhi, kutoka nyumbani kwa jirani nilikolala, nilipita kumuaga. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa kibanjani, anasalimia kwa Kihaya, kisha ananyamaza kwa muda wa kutosha mtu kujibu, kisha anacheka kidogo. Alikuwa akiuita mgomba kwa jina langu. Sikuitika. Niligeuka, nikashuka barabarani kusubiri basi.