Barieri ya Mvua na Furaha ya Nyumbani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa beleshi, sururu na kupekupe, lile panga refu lililopinda la kufyekea majani, kisha nikaambiwa nisiguse chochote. Shefu wetu, mzee Mwislamu wa mjini Kasongo aliyetuongoza sisi makantonye, alinisimamisha kando ya njia iendayo Kabambare, mvua inanyesha, tukaangalia maji. Basi. Nililowa hadi mifupani, na kwa ujana wangu nilijiona napotezewa muda. Yeye alitazama maji yanapopita, yanapotuama na yanapochimba, akanieleza kwamba njia ya udongo haiuawi na magari. Inauawa na maji yaliyokosa pa kutokea. Jioni nilirudi nyumbani natetemeka, sijachota hata beleshi moja la udongo.

Kantonye, kwa ninyi mnaopita leo kwa pikipiki bila kujua nani alichimba ile mitaro, ni mtu anayepewa kipande cha njia akitunze kama shamba lake. Asubuhi unafyeka kando. Unazibua mitaro. Unakata michirizi, yaani vijia vya kuyatoa maji mtaroni na kuyapeleka porini kabla hayajawa mengi. Unarudisha udongo katikati ili njia iwe na mgongo, maana isipokuwa na mgongo inageuka bwawa. Ukifika mwisho wa kipande chako, mwanzo wake umeshaharibika, nawe unaanza tena. Aisifuye mvua imemnyea. Mimi imeninyea maisha yangu yote na bado sina sifa nyingi za kuipa.

Kulikuwa pia na barieri ya mvua. Ni mti mrefu unaolazwa kukata njia. Mvua ikinyesha unaushusha, na hakuna gari linalopita hadi udongo ukauke, kwa sababu lori moja tu likipita kwenye tope linaacha mashimo ya kuwatesa ninyi nyote kwa muda mrefu. Wenye miguu na wagonjwa waliobebwa kwenye machela walipita. Malori yalingoja. Madereva walitutukana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kilingala, na Shefu alitufundisha kuwajibu kwa upole kwamba njia haijakataa, imesema bado. Wengi walinuna, kisha wakaja kutuomba moto wa kuchomea mihogo.

Kutoka Kasongo nilipelekwa Lusangi, na kutoka Lusangi nikapelekwa Wamaza kulinda barieri. Konduktere wa kazi, mkubwa aliyekuwa juu ya Shefu, alipita mara chache, na akifika aliangalia mtaro kabla ya kumwangalia mtu. Siku moja aliniambia, "Mutaro yako inanisalimia vizuri." Ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata kwake, na nilimsimulia mke wangu mpaka akachoka kuisikia.

Huko Wamaza ndiko mke wangu, Mama Esta, alikofariki kwa homa, katikati ya masika. Niliumia, na sitaipamba habari hiyo. Nilibaki na binti yetu Esta, msichana aliyekwisha kukomaa, aliyekuwa akitupikia na kulima. Kazini niliendelea. Kanisani nilikuwa shemasi, na ndimi niliyeanzisha nyimbo; Jumapili niliimba furaha ya Bwana hadi mishipa ya shingo inatoka. Nyumbani nilikula nimeugeukia ukuta. Esta akinisalimu, niliitikia kwa koo. Nilidhani namheshimu marehemu.

Jioni moja Esta aliweka sahani chini, hakuondoka. Akasema anakwenda Salamabila kwa shangazi yake, anayewapikia wachimbaji wa dhahabu, na kwamba ataondoka mvua zikipungua, pikipiki zikianza kupita. Nikamuuliza ni nini anakosa kwangu. Mihogo ipo, nyumba haivuji.

"Baba, haiko njala njo inanifukuza," alisema. "Iko huku kunyamaza kwako. Mama alikufa mara moja. Weye unakufa kila siku, na miye njo nakuangalia."

Nilikasirika sana. Nilimwambia hana adabu. Lakini niliogopa zaidi, kwa maana nilijua Salamabila ilivyo kwa msichana asiye na baba karibu, na nilijua pia kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimsukuma aende.

Wiki hiyo Shefu alikuja kukagua. Mvua ilikuwa imekatika, barieri ipo chini, na malori mawili yanangoja. Aliketi karibu nami juu ya gogo, akaniuliza habari za nyumbani, nami kwa mara ya kwanza nikamwambia ukweli. Alipangusa tope kwenye kiatu.

"Papa Esta," akasema mwishowe, "miye niko Muislamu, siwezi kukufundisha dini yako. Naulizaka tu. Ile furaha munaimba siku ya Mungu, munaiachaka kanisani ilinde viti? Angalia hawa madereva. Wanakutukana na bado unawakatalia njia. Sasa ile mawazo inakujia jioni, hakuna hata moja unaambia bado?"

Nilichukia kusahihishwa imani yangu na Mwislamu. Jumapili mchungaji naye akahubiri kwamba Mtume alituagiza tuchague mambo ya kutafakari, kwamba moyo haukuumbwa uwe njia ya kila anayetaka kupita. Nikaona nimezingirwa.

Basi nikaanza, kwa uvivu na kwa aibu. Nikitoka kazini sikuingia moja kwa moja ndani. Nilisimama penye mgomba mwishoni mwa kiwanja, nikachomeka beleshi ardhini, nikashusha barieri. Wazo la kitanda kitupu likija, nililiambia bado. Sikulikana, kwa sababu lilikuwa kweli, na lilipita baadaye, udongo ukishakauka. Kisha nikatafuta jambo moja jema la siku hiyo tu, nikamshukuru Mungu nikilitaja jambo hilo kwa jina. Nilijikataza kutaja uzima na pumzi, maana hayo tunayataja wote tukiwa tunasinzia. Lilipaswa kuwa jambo nililoliona kwa macho: mama wa Wamaza aliyeniachia karanga mbichi, au mchirizi mpya uliotoa maji yote bila kuziba. Nikaingia nalo ndani nikamwambia Esta.

Jioni ya kwanza aliniuliza kama nina malaria. Sikushangaa. Maneno yenyewe yalitoka makavu.

Siku nyingine sikuona kitu. Nilisimama penye mgomba hadi miguu ikauma, nikasema, "Bwana, leo sina." Nikamwambia na Esta vivyo hivyo. Hapo ndipo alipoacha kunicheka, akaketi kula pamoja nami.

Mvua zilipopungua, pikipiki ya kwenda Salamabila ilikuja kumchukua. Mzigo wake ulikuwa umefungwa tangu juzi yake. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifanya nanoa kupekupe, kwa sababu sikutaka anione. Nikamsikia akimwambia dereva arudi zake, kwamba kuna mihogo ya kuvuna kwanza. Mihogo yetu ilikuwa bado michanga, na yeye mwenyewe ndiye aliyeipanda. Nililia huku nikinoa.

Miaka ilipita, Esta akaolewa na fundi cherehani, na mume huyo ndiye aliyempeleka Salamabila, kwa heshima. Mimi nilistaafu magoti yalipokataa, nikahamia Kabambare. Vijana wananiuliza siri ya furaha, kwa kuwa kanisani bado naimba. Siri sina. Nimechoka. Nawaambia furaha ya Mkristo ni kazi ya kantonye: Mungu anakupa kipande chako, nawe unakizibua leo, na kesho kimeziba tena. Neema yake ndiyo inayokupa mikono ya kuanza upya. Aliyewaambia kwamba siku moja itakamilika, mkae tu, huyo hajawahi kushika beleshi.

Esta hunipigia simu jioni, rezo, yaani mtandao, ikikubali. Haulizi kwanza habari za afya. Anauliza, "Baba, leo umeona nini?" Nami najitahidi kuwa na jibu. Lakini juma lililopita mvua ilinifungia ndani kutwa, magoti yananiwaka, nikamjibu kwamba leo sina kitu, mwanangu, kabisa.

"Basi ngoja," akasema. "Leo nitakupa yangu."

Akaanza kunisimulia habari za mtoto wake mdogo aliyevaa kiatu kimoja kutwa nzima na kukataa kabisa cha pili, akaenda nacho mpaka sokoni. Kabla hajamaliza nilikuwa nacheka kwa sauti, hadi jirani akaja mlangoni kuuliza nimepata mgeni gani.