Orodha ya Wajawazito wa Ng'ambo ya Mto

Nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ile kwa miaka tisa kabla yule binti wa kompyuta hajaja. Ulikuwa mradi mdogo wa afya ya mama na mtoto, vyumba vitatu pale Kyela mjini, na kila barua iliyotoka humo ilipita mikononi mwangu. Daktari aliyetuongoza alitia sahihi bila kusoma. Aliwaambia wageni kwamba kuisoma barua niliyoipiga mimi ni kupoteza muda. Sifa ile niliibeba hadi nyumbani kama mtu aliyebahatika kupata kitoweo.

Kisha ikaja miaka ya soko huria. Vitu vilikuwa vinaingia kila siku kupitia mpaka wa Kasumulu, na wafadhili nao wakatuletea kompyuta mbili zilizokwisha kutumika kwao. Pamoja nazo akaajiriwa binti mwenye cheti cha kompyuta kutoka Mbeya. Yeye akapewa kompyuta kubwa, chumba chenye dirisha, na kiti cha kuzunguka nilichokuwa nakalia mimi. Mimi nikapelekwa stoo pamoja na kompyuta ya pili, katikati ya maboksi ya mizani za watoto.

Wivu wangu haukuwa na kelele. Nilimgawia ndizi nilizotoka nazo nyumbani, na akiniita dada nilimwitikia vizuri. Lakini nilihesabu Daktari ameingia chumbani kwake mara ngapi, na stoo mara ngapi.

Kazi yetu kubwa ilikuwa orodha. Kila mwaka kabla ya masika tuliandika wajawazito wa vijiji vilivyo kati ya Ipinda na Matema ambavyo mito ikijaa hukatika kabisa. Wale wenye hatari gari liliwafuata mapema, wakasubiri siku zao karibu na hospitali. Orodha ilikaa kwenye kompyuta ya binti. Mimi niliichukua kwa disketi, nikasahihisha majina huko stoo, kisha nikairudisha.

Mwaka huo niliichukua Jumatatu. Jumanne yeye na mkunga wetu walikwenda Matema, na Jumatano alishinda akiingiza majina waliyoyapata huko. Jioni hiyo Daktari akatangaza kwamba atakayekwenda Mbeya kwenye semina ni binti. Semina ile niliisubiri tangu Krismasi.

Alhamisi akaondoka na basi la asubuhi. Nikaingia chumbani kwake na disketi yangu, nikakaa kwenye kile kiti. Nilipotaka kuirudisha orodha, kompyuta ikaniuliza kama faili langu lichukue nafasi ya lile lililokuwamo. Ikanionyesha na siku: lile lilikuwa la jana alasiri, langu la juzi.

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba nilibonyeza bila kusoma. Nilisoma. Nilijiambia kwamba atakuwa ameongeza kidogo tu, na kwamba itakayochapwa na iwe ile yenye mkono wangu. Nikabonyeza ndiyo.

Ijumaa orodha ikachapwa, dereva akaondoka nayo. Jumamosi mvua ikaanza, na haikukatika.

Siku chache baadaye, binti amekwisha kurudi kutoka Mbeya, akaingia mwanamume mmoja, suruali yake imelowa hadi magotini. Alikuwa ametoka upande wa Matema. Mke wake alikwisha kupasuliwa katika uzazi wa kwanza, na mkunga wetu alikuwa amemwambia ajiandae. Mke alikaa barazani na mkoba wake siku mbili akisubiri gari. Jumapili uchungu ukamshika. Wanaume wakambeba kwa kitanda, wakamvusha kwa mtumbwi mto ukiwa umefurika, wakafika hospitali akiwa hajitambui kwa damu iliyomtoka. Mtoto alikuwa mzima. Mama alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutambua watu.

Hakuja kugombana. Alikuwa na swali moja.

"Nimekuja kuuliza tulikosa nini," alisema, "hata mkaturuka."

Daktari akafungua orodha. Jina halikuwamo, wala majina ya wenzake watatu wa kijiji kile. Hao watatu, tulikuja kujua, walijifungua salama nyumbani. Akamwita binti. Binti aliinama kwenye kompyuta, akatazama kitambo, kisha akanitazama mimi.

"Labda sikuhifadhi vizuri, Daktari," alisema.

Daktari alimkaripia mbele yetu sote, na mbele ya yule mwanamume. Naandika hili kwa aibu: nilisikia utamu. Ulidumu kama muda wa kumeza mate, lakini niliusikia.

Siku tatu nilikaa na jambo lile. Ya nne nilimfuata binti, nikamuuliza kama anajua.

"Faili linasema Jumanne, dada. Jumanne mimi nilikuwa Matema."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka useme wewe."

Nikamwonea wivu hata kwa hilo. Nilikwenda kwa Daktari nikasema yote. Hakupandisha sauti. Nilipewa barua ya onyo, na aliyeipiga chapa ni binti.

Baada ya hapo tulikaa wawili, mimi na binti, kutafuta njia, kwa kuwa kazi ilikuwa lazima iendelee. Yeye alisema iwepo disketi moja tu ya orodha, yenye karatasi nyekundu. Asiyeishika mkononi anaruhusiwa kusoma, haandiki. Kando ya kompyuta tukaweka daftari: nani, saa ngapi, kabadili nini. Kila siku faili lipewe jina jipya lenye tarehe, na la jana lisifutwe. Wazo langu lilitoka enzi za taipureta: kabla ya kuchapa, mmoja asome kwa sauti kutoka daftari la mkunga, mwingine afuate kwa kidole, jina kwa jina. Yeye alilisifia mbele ya Daktari. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Mito ilipopungua nilikwenda Matema na mkunga. Yule mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, ananyonyesha. Nikamwambia kwamba aliyelitoa jina lake ni mimi. Akaniuliza kama nina watoto. Nikasema wawili. Akamhamishia mtoto kwenye titi la pili.

Utaratibu ule tuliushika kwa miaka yote tuliyokuwa pamoja, na hakuna mwanamke mwingine aliyerukwa. Kisha binti akapandishwa cheo, akahamia Mbeya. Siku ya kumuaga, mkunga alimkumbatia akimwambia ndaga fijo, asante sana, na Daktari alishindwa kumaliza hotuba yake. Nilikuwa nimekaa mstari wa nyuma na sahani ya wali magotini, nikijiuliza kama siku yangu ya kuagwa ikifika sauti ya Daktari itakatika vile.