Hitima ya Mtu Aliye Hai

Katika vijiji vya mlimani juu ya Kolo, mtu akifariki, watu humtafuta Mzee Mbwana kabla hata hawajamtafuta shehe. Yeye ni mkulima tu wa alizeti na mbaazi, na mashamba yake yamelala kwenye mtelemko mkali kiasi kwamba mgeni akiyatazama hujiuliza mtu analimaje pale bila kubingirika. Lakini kwenye msiba ni mtu mwingine. Anajua nani atachimba vizuri kaburi kwenye ardhi ya mawe, nani akanunue sanda, nani aondolewe karibu na maiti kwa kuwa uchungu umemzidi. Waliofiwa humwachia yeye kila kitu, wao wakapata nafasi ya kulia. Watu walimheshimu sana kwa hilo, naye alijua kwamba wanamheshimu.

Mwanawe wa mwisho, Mudrick, hakuyapenda mashamba ya mtelemko. Kila kiangazi, mavuno yakishaingia ndani, alishuka kwenda Mawe Meupe, machimbo madogo ya dhahabu ng'ambo ya mbuga, akarudi mawingu yakianza kujikusanya. Mkewe Naima, binti wa pale Kolo, alibaki kwa wakwe zake na mtoto wao mchanga.

Kiangazi cha mwaka jana duara likaporomoka. Wachimbaji shimo lao huliita duara, na hilo la kina Mudrick lilikuwa refu, limeshikiliwa na magogo ambayo mchwa walikuwa wameshayaanza. Mudrick alikuwa chini na mwenzake mmoja, Mgogo wa Mkonze aitwaye Yotham. Waliokuwa juu walisikia mngurumo, wakaona vumbi likitoka mdomoni mwa shimo kama moshi wa tanuri, kisha kimya.

Mzee Mbwana alikwenda siku hiyohiyo. Alipiga magoti kwenye kifusi, akamwita mwanawe kwa jina mpaka sauti ikamkauka. Hakujibiwa. Aliyatazama yale mawe, mengine makubwa kama ng'ombe aliyelala, na moyo wake ukaamua palepale. Alirudi nyumbani akiwaacha vijana wanachimba kwa majembe na ndoo chini ya msimamizi wao, Iddy.

Nyumbani akakuta jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake: kungoja. Msiba una kazi zake, lakini kungoja hakuna kazi. Simu aliiweka mfukoni mwa shati, na kila ilipolia aliichomoa haraka, kumbe ni mtu anauliza tu kama kuna habari. Usiku halali, mchana hali. Mkewe, Bibi Batuli, alikuwa akikaa mlangoni akitazama njia, naye Mzee Mbwana hakuweza kumtazama. Akaanza kutamani liwe lolote, ilimradi liishe.

Siku ya nne Iddy alipiga simu. "Mzee wangu, vijana wameanza kuogopa. Ukuta unaendelea kumeguka, na mpaka leo hatujasikia dalili yoyote. Ninyi wenye mtu mnasemaje?"

Mzee Mbwana hakufikiri kwa muda mrefu. "Sisi tumemwachia Mungu," akasema. "Msije mkaweka maiti juu ya maiti."

Lilikuwa neno la busara. Waliokuwa wamekaa ukumbini walitikisa vichwa kwa kukubali, mmoja akasema huyo ndiye Mzee Mbwana tunayemjua. Na yeye, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akahisi pumzi inaingia vizuri kifuani. Sasa alikuwa na kazi. Aliagiza turubai, akatuma watu kwa ndugu wa Kondoa mjini, akataja ng'ombe wa kuchinjwa. Kisha akamwita Naima mbele ya wazee, akamwambia kwa upole kwamba akina mama watamletea nguo nyeupe, aingie ndani akae eda.

Naima alikuwa amesimama, mtoto mgongoni. "Shikamoo, baba," akasema kwanza, maana asubuhi ile walikuwa hawajaonana. Kisha akasema, "Eda ya nani, baba?"

"Mwanangu, usinifanye nilitamke."

"Sijamwona. Hakuna aliyemwona. Nikikaa eda nitakuwa nimemzika mimi."

"Unapingana na Mungu sasa."

"Sipingani naye. Bado hajaniambia kitu."

Wazee waliinamisha vichwa. Hakuna mkwe aliyewahi kumjibu Mzee Mbwana hivyo, tena ugani kwake, mbele ya watu. Uchungu wa siku zote zile ukamgeukia yule binti, naye akasema neno ambalo baadaye alilisikia likijirudia kila alipofumba macho. "Basi kama mume wako ni wa kupuuzwa hata asifanyiwe haki yake, hapa si kwako. Nenda kwenu."

Naima alimfungua mtoto, akamkabidhi kwa Bibi Batuli, akaondoka. Hakwenda kwao Kolo. Aliposhika barabara kuu alipata lori la magunia lililokuwa likielekea upande wa machimbo.

Shehe naye alisitasita. "Mzee Mbwana, tungengoja japo kidogo," alisema. "Swala ya mtu asiye na jeneza si jambo la haraka." Lakini Mzee Mbwana alimshinikiza. Alisema ameliona duara kwa macho yake, na kwamba mama wa marehemu anakufa kidogokidogo pale mlangoni. Hilo la mama lilikuwa kweli, na ndilo lililomlegeza shehe. Wakamswalia Mudrick msikitini baada ya adhuhuri. Keshoye ikasomwa hitima.

Watu walijaa. Ng'ombe alikwishachinjwa, pilau ilikuwa jikoni katika masufuria makubwa ya kuazima, na wasomaji walikuwa wameshafika katikati, wakati simu ilipolia mfukoni mwa Mzee Mbwana. Aliona jina la Iddy, akadhani wameupata mwili. Alitoka pembeni, akaanza kupanga kichwani nani aende na gari kuuchukua.

Iddy alikuwa analia. "Mzee, wako hai. Wote wawili. Tumezungumza nao kwa mdomo, Mudrick anaomba maji."

"Nani anaomba maji?"

"Mudrick, mzee. Mwanao."

Aliyesikia kwanza alikuwa jirani aliyesimama karibu, naye ndiye aliyerudi turubaini akasema. Usomaji ukakatika. Kukawa kimya, kisha kigelegele kimoja kutoka jikoni, kisha vyote kwa pamoja, wanawake wakatoka na miiko mikononi, wanaume wakakumbatiana, shehe akasujudu palepale juu ya mkeka. Bibi Batuli aliinuka mlangoni, akakaa, akainuka tena, akamshika mtoto wa Naima akamwambia, "Baba yako, baba yako," hakujua aendelee na neno gani. Mtu mmoja akauliza pilau sasa inakuwaje, na mwingine akamjibu kwamba pilau haijui ilipikiwa nini. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Waliila yote.

Mzee Mbwana hakuila. Alikuwa nyuma ya ghala, ameegemea ukuta. Furaha ilimjia, mtu asiseme haikumjia. Lakini aibu ilikuwa imeshatangulia kuingia na kukaa mahali pote. Kila aliyekuja kumpa mkono na kusema "Mzee, Mungu mkubwa," alimwona kama anayemwambia: na wewe ulimswalia. Hakuna aliyesema hivyo. Shehe alipokuja alimshika tu bega, akaondoka, na huo mkono wa shehe ulimwuma kuliko kama angelaumiwa.

Majeruhi walipelekwa hospitali Dodoma. Bibi Batuli aliondoka na mtoto siku ileile. Mzee Mbwana alisema atafuata, kuna ng'ombe wa kuangalia, kuna turubai la watu la kurudisha. Alirudisha turubai. Alirudisha masufuria, moja moja, nyumba kwa nyumba. Mwishowe hakikubaki chombo cha watu nyumbani mwake, ikabidi aende.

Alimkuta Mudrick amekonda, macho yamekuwa makubwa, lakini anakaa mwenyewe kitandani. Baba alisimama miguuni mwa kitanda. Kijana akamwamkia, kisha akatabasamu.

"Nasikia uliniswalia, baba."

Mzee Mbwana alishika chuma cha kitanda.

"Nasikia na pilau ilikuwa nzuri. Mimi huko chini nalamba mwamba, maji yanadondoka tone, unangoja, tone. Yotham anaimba nyimbo za kanisani kwao, sauti mbaya kama ya punda. Nikamwambia nyamaza, malaika watatukimbia." Alicheka mpaka akakohoa.

Hakuwa na kinyongo, na hilo ndilo lililomshinda baba yake. Angetukanwa angejua pa kuushika ugomvi. Utani haukuwa na mpini. Alisema tu, "Pole, mwanangu," kama anavyosema mpita njia.

Naima alikuwa Nkuhungu, mtaa wa palepale Dodoma, kwa shangazi yake, akipika chakula cha mgonjwa. Mzee Mbwana alimfuata huko. Naima alimpokea vizuri kupita kiasi: akapiga goti kumwamkia, akamletea kiti cha kivulini, akamletea chai ya maziwa na chapati. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka, kimoja kimefungwa kitambaa. Mzee Mbwana alivitazama, akaiweka chai chini.

"Mwanangu, nimekuja kuomba unisamehe. Nilikufukuza."

"Hilo limekwisha, baba. Mtu aliyefiwa husema maneno mengi."

"Sikuwa nimefiwa."

Naima aliisogeza chai karibu na mkwewe. Kisha akasema, macho yakiwa kwenye mkeka, kwamba kufukuzwa hakukumwumiza sana. Kilichomwumiza alikikuta Mawe Meupe. Alifika akakuta majembe yamelala, vijana wamekaa kivulini, na mwanamke mmoja peke yake akishusha ndoo: Emiliana, mke wa Yotham, ambaye alikuwa pale tangu mwanzo. Naima alipowauliza vijana kwa nini hawachimbi, walimjibu: mzee wenu mwenyewe ndiye aliyesema basi.

"Nikachukua ndoo," alisema. "Tulitoa udongo wawili, mchana wote, tunaporomokewa, tunaanza tena. Jioni mmoja akaona haya, akaja. Halafu mwingine. Kufika alfajiri walikuwa wamerudi wote, na Iddy mbele yao."

Mzee Mbwana hakuwa akijua kwamba uchimbaji ulisimama kwa sababu yake. Au alijua, akakataa kulitazama. Hata yeye mwenyewe hakuweza kusema kwa hakika. Alikuwa ametoa neno kwenye simu, akaenda kuagiza turubai.

"Yotham anaendeleaje?" aliuliza, kwa sababu ilimpasa aulize kitu.

"Wamemkata mguu jana. Jiwe lilikuwa limeukandamiza muda mrefu."

Muda mrefu. Hakuna daktari aliyesema kwamba mchana mmoja ungeuokoa mguu ule, na hakuna aliyesema kwamba usingeuokoa. Mzee Mbwana alirudi hospitali, akasimama kwenye mlango wa wodi. Emiliana alikuwa amekaa kando ya kitanda cha mumewe. Alimwona mzee wa kofia, akajua ni baba yake Mudrick, akainuka haraka akamshika mikono yote miwili. "Baba, Mungu ametutendea," alisema. "Tumepewa waume zetu." Alikuwa na furaha tupu usoni. Mzee Mbwana alimwacha amshike, hakuthubutu naye kumshika wala kuivuta mikono yake.

Mudrick alirudi mlimani na mkewe. Kwa nje mambo yalikaa sawa. Naima humpikia mkwewe na humwamkia kila asubuhi, na nyumbani wanacheka. Mudrick hajarudi machimboni. Msiba ulipotokea kijiji cha jirani, watu walimfuata Mzee Mbwana kama kawaida. Alikwenda, lakini alikaa nyuma pamoja na wageni, akachimba kaburi zamu yake ilipofika, hakupanga chochote.

Mvua za kwanza zilipodondoka upande wa Dodoma alichukua jembe lake, akashuka mpaka Mkonze, kwao Yotham. Hakumweleza mtu, ila Bibi Batuli, naye alimfungia tu viazi vya njiani bila kuuliza. Alimkuta Emiliana na shamba la uwele la kupanda, mikono yake peke yake. Akamwambia yeye ni mkulima, kwao mvua bado, akae siku kadhaa awasaidie. Emiliana alishukuru, akamtandikia chumba cha nje.

Yotham alikuwa akijikongoja na magongo mpaka kando ya shamba, akaketi kwenye gunia, akazungumza: habari za ardhi ile tambarare, habari za zabibu za jirani, habari za Mudrick alivyokuwa akiogopa giza siku ya kwanza. Mzee Mbwana alilima akimsikiliza. Siku ya tatu Yotham alimwuliza, kwa sauti ileile ya mazungumzo, "Mzee, hivi kilichokutoa milimani kwenu kuja kulima huku ni nini?"

Jembe likasimama. Alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu Kolo, maneno ameyapanga vizuri. "Kuna jambo nilisema," alianza. "Kwenye simu. Siku ile wanachimba, mimi nilisema..."

"Najua ulichosema," Yotham alisema. "Emiliana alikuwepo Iddy alipokuwa anapiga simu. Alisikia."

Mzee Mbwana alikumbuka mikono ile miwili hospitalini. Emiliana alikuwa anajua. Alimshika mikono akijua, akamwambia wamepewa waume zao.

Emiliana alikuwa upande wa pili wa shamba, ameinama, akidondosha mbegu kwenye mashimo na kuyafukia kwa unyayo. Mzee Mbwana hakuweza kutazama upande huo. Hakuweza pia kumtazama Yotham, wala pale suruali ilipokunjwa ikafungwa kwa uzi. Yotham alitazama mstari aliokuwa akiuchimba mzee. Baada ya muda alisema tu kwamba mstari ule umepinda kidogo.

"Umepinda," Mzee Mbwana alikubali, akaanza kuurudia.